Siku Karimu Aliposhuka Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Amekuja! Karimu wako amekuja, mama, naandika mbio hata kalamu inaruka mistari. Najua huko uliko barua haifiki. Naandika hivyo hivyo, maana habari hii nikikaa nayo peke yangu itanipasua kifua.

Unakumbuka asubuhi ile baba alipofunga duka lake la shanga na nguo ili arudi pwani kwa ndugu zake Wahindi? Alitusimamisha mlangoni mwa nyumba yetu ya tembe, mimi na mdogo wangu, akatutazama kama mtu achaguaye kitambaa. Karimu alikuwa mweupe, nywele zimelala. Mimi nilikufuata wewe kwa weusi. Baba akasema, "Huyu watampokea. Huyu hapana." Basi, akamchukua. Uliufuata msafara wao siku mbili kwa miguu, ukarudi midomo imepasuka kwa kiu, ukanikumbatia.

Tangu siku ile sikujua pa kusimama. Wasichana wa kijijini kwetu Nzuguni waliniita chotara tukitwanga uwele. Karani wa boma alinishika nywele, akaniuliza kabila langu, halafu akacheka na askari wake kabla sijajibu. Nilipokuja kukulilia ulisema, "Wakikuuliza wewe ni nani, walete kwangu. Nitawajibu mimi."

Lakini kuna jambo sikukwambia mpaka tukakuzika. Nilimchukia Karimu. Nilikwenda mtoni nikajisugua mikono kwa mchanga mpaka ikatoka damu, nikidhani nitaufikia weupe wake.

Sasa Wajerumani wameleta reli hapa. Mwezi uliopita mchukuzi mmoja aliniletea karatasi: "Dada Nyemo, nimepata ukarani wa reli, napelekwa Tabora. Nitashuka Dodoma nikuone wewe na mama. Njoo stesheni." Niliisoma mara kumi, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa misheni.

Jana nilivaa kaniki mpya nikaenda. Wazungu wana kibanda chao chenye kivuli mbele, Wahindi wana benchi lao, sisi tunasimama nje ya uzio. Gari la moshi likalia, likasimama! Nikamwona akishuka, koti jeupe, amezungukwa na makarani wenzake wa Kihindi. Ana mwendo wako, mama, ule ule! Ndipo nikaogopa. Nilijua wenzake wanamhesabu kuwa mwenzao kamili. Akiniita, amejianika kuwa mama yake ni Mgogo. Nikajificha nyuma ya mrundo wa kuni, nimwone tu, apite salama.

Yeye akaruka uzio! Na viatu vyake vinavyong'aa! "Nyemo! Dada Nyemo, uko wapi?"

Askari akamkemea, "Bwana, rudi upande wenu. Huku ni kwa weusi."

"Basi niko kwetu," Karimu akasema, stesheni nzima ikasikia. "Namtafuta dada yangu, tumbo moja."

Nilitoka mbio, nikamkumba hadi kofia ikaanguka. Karani mmoja akatema mate, akampa mgongo. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja.

Njiani kurudi nyumbani aliuliza kama umezeeka. Nilipomwambia umefariki, aliketi pale pale vumbini. "Pwani walinifundisha kusema mama yangu amekufa," akaniambia. "Mgeni akiuliza tu, nasema amekufa. Nimesema miaka yote, dada, na wakati huo alikuwa hai."

Nikaketi naye. Chuki yangu yote sikuiona ilikokwenda. Kumbe mimi niliyeachwa ndiye niliyekuwa na mama wa kumlilia. Yeye alipewa rangi, akanyimwa wewe.

Habari ikifika pwani, huenda akapoteza kazi, na mchumba wake wa huko pia. Anajua. Amesema akifukuzwa atakuja kulima pamoja nasi, na mume wangu ametazama viganja vyake laini akacheka sana.

Mama, nimalize upesi, ananiita. Tunakuja kaburini kwako sasa hivi. Kigogo chote kimemtoka, kwa hiyo tangu alfajiri namfundisha salamu moja, naye anaitamka vibaya mpaka watoto wangu wanajibwaga chini kwa kicheko. Amejikaza kweli kweli. Akisema "Mbukwa," hata ikitoka imepinda, mwitikie.

Tuko njiani,
Binti yako wa kwanza