Mtoto wa Marehemu Ambani

Makomredi, nawahutubia humu kwenye kundi letu la simu kwa sababu mchana, mbele ya jamaa zangu, sikuwa na hotuba.

Tulikuwa kijijini kwetu Iguhu na mtafiti, tukitoa damu ya vizazi vitatu vya ukoo wetu. Anafuatilia chembe za urithi kutoka mzazi hadi mtoto, apate kuzichorea ramani. Mimi ndiye niliyewashawishi, nikaapa kwamba sayansi haimdhalilishi mtu.

Kisha Kukhu, nyanya yangu, akamleta mjukuu wake Shisia. "Huyu ni wa Ambani."

Ambani, mwana wa Kukhu, alifariki miaka miwili kabla Shisia hajazaliwa. Ndugu yake ndiye aliyemrithi mjane, akamzaa Shisia. Kwa mila yetu mtoto ni wa marehemu, na shamba la marehemu ni lake.

"Kukhu, ramani inamtaka aliyemzaa."

"Basi ramani yenu haina adabu. Mnataka kumzika mwanangu mara ya pili?"

Shisia alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Akaukunjua polepole, akafunga kifungo.

Nikimwandika Ambani kuwa baba kwenye fomu ya mtafiti, ramani itapotoka. Nikimwandika nduguye, nitakuwa nimewapa silaha wanaolitamani shamba. Nami niliapa...

Jumapili saa nane tunakutana tena kwa Kukhu. Shisia atazungumza kwanza. Akikataa, mtafiti ataondoka bila damu yake, nami nitamsindikiza hadi barabarani.