Ncha ya Waya Iliyokuwa Ndani ya Kabureta

Baba Mwende,

Nimeuona ule waya. Naanza na hilo, salamu zitafuata, maana tangu siku ile naongea na wewe kwa sauti katikati ya mibuni mpaka wanawake ninaochuma nao kahawa wameanza kunitazama vibaya. Afadhali niandike. Naandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, cha Mkamba aliyeoa Mkikuyu, na nikikosea unisamehe, wewe ndiye uliyesoma kunipita.

Mwende amejifungua msichana. Kidevu ni chako, na ukaidi pia. Kaburi lako hapa Ruiru nililipanda maua, mbuzi wa jirani wakayala, nikapanda tena.

Sasa sikiliza. Ile injini ya mashua, ile kuukuu ambayo baba yake Bwana Kofia mwenye shamba alikuja nayo kwa meli, uliyoiita bibi kizee kwa sababu haiamki bila kubembelezwa, ilikataa tena. Memsab, mke wa Bwana Kofia, akatuma lori kutoka Thika linichukue. Dereva akaniambia Zakaria, anayeshika kazi yako sasa, amepigana nayo siku nne pale bwawani, amevuta kamba mpaka viganja vimechubuka, na Jumamosi kuna wageni wa kuvua samaki. Ndipo memsab akakumbuka kwamba wewe ulikuwa na mikono na mimi nilikuwa na macho. Alikuwa akituona tumekaa kwenye zile mbao za kufungia mashua, wewe unafungua, mimi natazama ndani ya vitundu ambavyo macho yako, yaliyoharibiwa na kuchomelea vyuma, hayakuweza kuviona.

Nilitaka kukataa. Nilishika mlango nikamwambia dereva aende zake. Lakini jina la Zakaria lilikuwa limeshaniingia masikioni, na miguu ikapanda lori yenyewe.

Nilimkuta amesimama kando ya injini, kitambaa begani, amenenepa. Anakaa katika nyumba yetu, ile uliyoipaka chokaa. Akasema, "Bwana asifiwe, Mama Mwende! Hii ni kazi ya wanaume, lakini memsab ameamuru." Nikamjibu, "Haya, mwanamume, nishikie spana." Watu wa mkonge waliokuwa wanapita wakacheka. Akaishika.

Nilifanya kama ulivyonifundisha, sikuruka kitu. Kwanza kifuniko cha tangi, lile tundu la hewa limeziba? Halikuziba. Nikachomoa mpira wa petroli, petroli ikanimwagikia mkononi vizuri. Nikatoa plagi. Kavu! Kavu kama imetoka dukani. Nikasikia sauti yako kabisa: "Plagi ikilowa, bibi anakunywa kupita kiasi. Ikikauka, ana kiu. Uliza kiu inaanzia wapi." Nikafungua choki, kile kibati cha kuziba hewa, na kuifunga huku Zakaria akivuta kamba. Choki ikifungwa anakohoa kidogo na kunguruma, ikifunguliwa anakufa. Kwa hiyo petroli inafika mlangoni, kuingia ndani ndiko kumemshinda.

Nikafungua kikombe cha kabureta. Boya letu la kizibo lilikuwa bado linaelea, lile ulilolichonga, mimi nikalipaka vanishi kwa unyoya wa kuku. Hapo nililia kidogo, nikajifanya ni petroli imeniingia machoni. Sindano inayofunga petroli ilikuwa sawa. Kikabaki kile kidude cha shaba chenye kitundu chembamba kinachopimia injini petroli yake. Nikakitoa, nikakielekeza juani. Hakukuwa na mwanga.

Nikapuliza kutoka nyuma. Mara ya tatu kikadondoka kitu kwenye leso yangu. Ncha ya waya, fupi kuliko punje ya mchele, imekatika mwisho wake. Ni waya wa brashi ya chuma, Baba Mwende, brashi ile ya kusugulia mashine ya kukamua mkonge, ambayo haitoki katika banda la Zakaria.

Wewe hukuwahi kuingiza chuma mle. Ni mara ngapi ulinituma nikate jani la mkonge, tulipare kwa kisu, tuchague uzi mmoja mgumu, nao huo ndio tupitishe? Ulisema shaba ni laini, chuma kitalipanua tundu, na likishapanuka halirudi. Ulivyosema ndivyo ilivyotokea Pasaka ile. Moshi mweusi, plagi imelowa, petroli inamwagika majini, na wageni wa memsab wamekwama katikati ya bwawa wakipigiwa kelele na ndege. Bwana Kofia akafungua mwenyewe, akaona tundu limekwaruzwa, ikabidi aagize kidude kipya. "Nani ametia waya hapa?" Ukasema hujui. Zakaria akasema, nami nilikuwepo nikamsikia, "Mimi nilimwona, bwana. Ni huyu. Alikuwa na haraka."

Kazi ikaisha siku hiyo, nyumba ikaisha. Kipande changu, ile karatasi ya utambulisho, kikabaki bila jina la mwajiri, katika miaka hii ya Hali ya Hatari ambayo Mkikuyu akisimamishwa njiani bila jina la mwajiri anajua anapopelekwa. Hayo yote ungeyabeba. Kilichokuvunja ni ndugu zetu wa ushirika wa waliookoka. Walikuja watano, wakakaa kitandani kwetu kwa sababu viti vilikuwa vimeshapakiwa, wakakubembeleza utembee nuruni, utubu uongo wako. Ukasema, "Nitatubu yote niliyoyafanya. Hili sikulifanya." Wakasema moyo wako ni mgumu. Wakakutoa. Na homa ya mapafu ilipokuchukua katika ile baridi ya Ruiru, hakuna ndugu hata mmoja aliyekuja kuimba kaburini. Niliimba peke yangu na Mwende, na Mwende hakujua maneno.

Tena Zakaria akaokoka! Alisimama mbele ya ushirika akatubu pombe, akatubu wanawake, akatubu mbuzi aliyemwiba akiwa kijana. Wakamkumbatia wakaimba mpaka vumbi likapanda. Sasa ndiye anayeongoza ushuhuda kila Jumapili. Waya hakuutubu.

Basi pale bwawani nilikunja leso polepole ili aone. Akaona. Spana ikamtoka mkononi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, memsab alikuwa karibu, "Zakaria, safari hii Baba Mwende yuko Ruiru, chini ya udongo. Haya, niambie. Nani ametia waya?"

Aliinama kuiokota spana.

Ningeweza kumwita Bwana Kofia, hatua kumi tu. Angemfukuza kabla jua halijazama. Nilifikiri, nakuambia ukweli, nilionja hilo neno ulimini. Lakini nikaona angeondoka na sanduku lake, akaenda shamba lingine akiwa bado ndugu mpendwa, na wewe ungebaki mwongo. Hapana. Nilimtaka pale pale walipokutoa.

Nikakata jani la mkonge, nikatoa uzi, nikapitisha. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Bibi kizee akaamka kwa mvuto wa pili! Memsab akapiga makofi, akauliza nataka nini. Nikaomba barua ya ruhusa nije kila Jumapili kuiangalia injini. Akaandika palepale.

Kwa hiyo Jumapili nashuka garimoshi Thika, naipitia injini haraka, kisha naenda ushirika. Nakaa benchi la mbele kabisa. Natandaza leso magotini, waya juu yake. Sisemi kitu. Jumapili ya kwanza Zakaria alitoa ushuhuda juu ya hasira, akakatisha katikati. Ya pili aliomba mwingine aongoze, akasema anaumwa kichwa. Nikamngoja nje nikamwambia pole ya kichwa, mwanamume. Mama mmoja aliniuliza ile leso ina nini, nikamwambia, "Muulize Zakaria." Akaenda kumuuliza. Wengine nao wakamuuliza. Nilifurahi, Baba Mwende. Najua si furaha nzuri. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, sikumficha. Ile sala tunayosali wote, tukifika mahali pa kusamehe mimi nanyamaza, wenzangu wanapita, nawangoja mbele.

Jumapili ya tatu alisimama. Alikuwa amekonda. Akasema yote: kwamba alitaka kuonyesha anaijua injini kuliko wewe, akaifungua wewe ukiwa kanisani, akachokonoa kwa waya wa brashi, akaogopa, akakusingizia. Akasema na jina lako, lote, mpaka la ubatizo. Yule mzee aliyekuwa amekaa kitandani kwetu alifunika uso kwa kofia.

Halafu, unawajua, wakaanza kuimba! Wakamkumbatia Zakaria kama siku ile ya kwanza, wakamleta kwangu nimpe mkono. "Mama Mwende, yamekwisha, utupe huo waya, uwe huru."

Sikutoa mkono. Nilisema, "Wimbo huu mnauimba mahali pasipo pake. Mlikuwa na deni la kuuimba Ruiru, kwa mtu aliyelala. Mtakuja nyote watano na huyu. Atapalilia kaburi kwa mikono yake, bila jembe. Atayasema tena haya yote akiwa amepiga magoti, kwa sauti ya kumfikia. Ndipo mtaimba, na mtaimba mpaka mwisho." Mtu mmoja akasema huo si upendo. Nikamwambia ni kweli, si upendo.

Wanakuja Jumamosi. Wameshaomba ruhusa za kusafiri.

Mimi nitasimama nyuma yake nimebeba mjukuu wako. Kama ukisikia ananong'ona, nitamwambia arudie. Nakuahidi hivyo, na nakuahidi sitakuja tena kukulilia kuhusu jambo hili, nitakuja kupalilia tu, kama wake wengine. Kuhusu ile sala, sijui. Labda siku moja mdomo utapita pale bila kusimama. Jumamosi haitakuwa siku hiyo.

Waya sitauzika nawe, ulikuwa wake tangu mwanzo. Wakimaliza kuimba nitampa Zakaria mkono, ule mkono walioutaka wote nimpe, nitamfungua kiganja, niuweke waya pale katikati, na nitamfunga vidole mwenyewe.

Lala, baba. Injini inanguruma vizuri.

Mkeo,
Mama Mwende