Si Mwiko, Papa, Ni Ndama

Mushaki

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa furaha. Je, kifua cha Mama kimetulia? Mihogo ya kule bondeni imekubali? Na binti yangu Solange, bado hali sombe, yale majani ya mihogo, mpaka aimbiwe? Mimi ni mzima, na leo naliandika neno hilo kwa moyo wote, maana kuna wiki ambazo ningeliandika nikidanganya.

Najua muuza mawese aliyepita hapa aliwafikia huko kijijini Mpofi, akawaambia ameniona na mabaka shingoni na mikononi. Aliporudi alinieleza pia ulivyomjibu: "Faida alikula ile nyama. Asiguse mutoto mpaka tumufanyie desturi." Papa, nililia. Nafanya kazi huku ili nimchukue binti yangu aanze shule nikiwa naye, na wewe ndiye uliyemshika mkono asinifikie. Nilikukasirikia tangu asubuhi hadi jioni, kisha nikachoka. Hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza kama ni ule mchuzi niliopewa msibani nisijue una nyama gani. Tangu utoto umetuambia kwamba atakayemla mnyama yule wa madoa, ngozi yake itageuka kama ya mnyama.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kazi yangu kwa Mama Odette, mwenye ng'ombe, ni kutengeneza jibini, fromaji kama wanavyoiita hapa, na kunywesha ndama maziwa. Mimi ni mtu wa msitu, nimezoea mnyama anayenikimbia. Ng'ombe hakimbii, anakuja kukunusa! Kulikuwa na ndama mmoja aliyenyonyoka manyoya kuzunguka macho. Nikamhurumia, nikawa namkumbatia shingoni ili anywe vizuri. Huruma yangu ikanilipa. Mkononi kikatokea kiduara chenye ukingo ulioinuka, kinawasha kupita kiasi. Nikanunua dawa ya kupaka sokoni bila kuuliza mtu. Muwasho ukanyamaza, nikajisifu, kisha mabaka yakarudi makubwa zaidi na kupanda hadi shingoni.

Nilijifunga kitambaa nikanyamaza, maana jibini inataka mikono safi, na nani angeniacha kazini? Mama Odette mwenyewe ndiye aliyekivuta.

"Faida, unaficha nini?"

"Mama, usinifukuze."

"Nikufukuze juu ya nini? Hii iko ya ndama. Hata mutoto wangu Odette alikuwa nayo ku kichwa, nywele ikaanguka, ikarudia. Ukuye twende."

Alinitoa kwenye maziwa, akanipeleka kulima maharagi mpaka nipone, na nafasi yangu hakumpa mtu mwingine. Na alinisindikiza mwenyewe kituo cha afya. Mungu amzidishie, mama yule.

Nilimwambia muuguzi habari za mwiko wetu, nikiona haya. Hakunicheka.

"Mama, mwiko yenu mimi sijue, siwezi kuisema mubaya. Lakini hii njo ukungu, sawa ile ya ku fromaji. Inapenda fasi ya maji-maji. Na ile dawa ya soko ilikuwa inailisha."

Alinipa dawa nyingine, akanikataza kuiacha siku ngozi inapoonekana safi, kwa kuwa ukungu hujificha. Kitambaa changu cha kujifutia kiwe changu peke yangu. Nguo zianikwe juani, nijikaushe vizuri nikishaoga, ninawe kwa sabuni nikitoka kwa ndama. Ndama naye akatengwa, akatibiwa. Mambo madogo, Papa, lakini yameniponya.

Kisha nikamwuliza juu yako. Ile miguu yako inayowasha katikati ya vidole kila masika, ukivua buti tunakimbia wote! Akasema ni ndugu wa ugonjwa wangu. Basi na wewe, Papa, ulikula nini? Nisamehe, nacheka tu. Kausha vidole kabla ya kuvaa, buti zilale wazi, na uende kituo wakupe dawa ya kupaka.

Mama, mafuta yako ya kokwa za mchikichi nayashukuru sana. Baridi ya huku hupasua miguu, nami najipaka mara nikitoka kuoga, ngozi ikapoa. Usimpake Solange penye kidonda au duara, mpeleke kwanza aonekane.

Papa, nyama ile sikuila kwa kujua. Niliandaliwa hapa kwenye harusi, nikasogeza sahani, watu wakanicheka. Hilo ni lako, ulinifundisha wewe, nami nashukuru. Nashukuru hata kwa ukali wako, kwa sababu najua ulikuwa unamlinda mtoto wangu kama ulivyonilinda mimi. Ukitaka bado kunifanyia desturi, nitasimama. Ila usinirudishe bila yeye.

Nisalimie shangazi asukaye mikeka, mdogo wangu mwenye mitego, na mama mchungaji aliyeniombea. Njia ikiwa salama nitakuja maharagi yakishavunwa. Nikifika uani, Papa, usinipe mkono kwanza. Nisimamishe juani, nifungue kitambaa, unitazame shingo na mikono yote miwili, polepole, mpaka utosheke. Kisha mwite Solange.

Binti yako anayekupenda,
Faida