Benchi la Kliniki

Mpemba, Tunduma

Dada Ketrina,

Mvua imenyesha na mahindi ya mama yameinuka. Nalala vizuri, ila kila siku ya kliniki mama hunitafutia kazi ya shamba. Nilidhani ni bahati mbaya. Sasa nadhani umemwagiza wewe. Ukweni kwako wanauliza kama ukoo wetu una mgonjwa wa akili, na hospitalini kila mtu anajua benchi letu ni lipi.

Juzi nilitoroka nikaenda kliniki. Kwenye benchi nilimkuta mama mmoja aliyejifunika kitenge mpaka puani. Alipoitwa dirishani kuchukua dawa nikamtambua: shangazi wa mchumba wako Gibson, yule aliyetumwa nyumbani kutuchunguza.

"Nimemsindikiza mtu," akasema.

"Na mimi, shangazi."

Akacheka kidogo. "Basi tusindikizane na mwezi ujao, mwanangu."

Huenda ni mtego. Lakini nimekosa dawa kwa ajili ya posa yako, na zile sauti zilirudi. Mwambie mama aniache niende. Usipomwambia nitaenda tu. Shangazi ameahidi kunishikia nafasi.

Mdogo wako, anayetaka kukuamini,
Restuta