Wanne Kati ya Kumi na Mmoja

Jumatatu, 5 Machi 2007

Tulipoteza kikundi juzi Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa kazini. Nimejua leo. Neema, mwenzetu wa kikundi, amepiga simu nikipanga midoli kwenye mkoba wa kliniki, sauti laini kama anauza kitu.

Kikundi chetu cha wataalamu wa usemi wa watoto, sisi wa Kiswahili, Birmingham nzima. Tumemezwa na chama kikubwa. Yeye anaita kuungana. Sharti lao: mwanachama awe na digrii.

Hesabu sasa. Tuko kumi na mmoja. Watano tuna digrii, sita ni wasaidizi. Wasaidizi hawakuitwa mkutanoni. Mimi niliambiwa ni wiki ijayo. Mikono iliyonyooshwa: minne. Wanne kati ya kumi na mmoja. Hata darasa la nne kule nyumbani Eastleigh tulijua hiyo si nusu.

Sijala.

Jumanne, 6 Machi

Kumbe pia anaandika historia ya kikundi, itoke kwenye jarida la chama. Amenisomea kwa simu. Eti tulianza 2005, kwenye ukumbi Digbeth, watu na kadi zao shingoni.

Uongo. Tulianza 2001, sebuleni kwangu Hodge Hill. Tulikuwa watatu. Mimi, nikifagia ofisi alfajiri na kusoma mchana. Neema, katoka Dar juzi tu, amekalia ndoo ya unga kwa sababu viti vilikuwa viwili. Na Mama Zawadi wa Bukavu, ambaye hana digrii na hajawahi kudai anayo. Huyo ndiye aliyetufundisha namna ya kukaa na mtoto. Kwenye historia hayumo.

Nimeuliza kwa nini.

"Dada Hawa, ninyi Wakenya mna haraka ya kugombana. Ni aya mbili tu, mwenzangu. Nafasi haitoshi."

Nafasi ya picha yake imetosha.

Jumatano, 7 Machi

Nimefua, nimepika, nimekasirika. Msichana wangu ananiambia, "Mum, just start another one." Kana kwamba kikundi ni chapati, moja ikiungua unasukuma nyingine.

Alhamisi, 8 Machi

Leo nimeona kwa macho.

Kliniki, Handsworth. Mtoto wa Kikongo, miaka minne. Shule inasema haongei. Sisi tuna njia yetu kwa watoto kama huyu. Mtoto aliyelelewa nyumbani kwetu, mtu mzima akimwonyesha kikombe na kumuuliza hiki ni nini, anajua anachezewa au anategwa. Ananyamaza. Ni heshima. Basi Mama Zawadi haulizi. Anakaa sakafuni na kukosea. Mdoli anamvisha soksi mikononi. Chai anaimimina kwenye sahani. Anakosea tena, anakosea zaidi, hadi mtoto anashindwa kuvumilia na kumsahihisha. Akianza hanyamazi. Mimi naandika.

Miaka sita tumefanya hivyo. Leo, kwa utaratibu wa chama, Mama Zawadi amewekwa kiti cha nyuma, mlangoni, kama mkalimani, iwapo Kiswahili cha Kongo kitamshinda Neema. Asiguse kitu. Neema ameshika picha. Hiki ni nini? Na hiki? Picha thelathini, kimya mara thelathini. Na Neema anajua. Ndilo linaloniuma. Njia hii ameitumia mwenyewe, sakafuni, kwa magoti yake.

Tumetoka na mtoto na mama yake, hatujafika kwenye ngazi, mtoto kamgeukia mama yake: "Maman, ule tantine hajue kopo?" Yaani yule shangazi hajui kikombe.

Mama Zawadi kacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Mama wa mtoto pia. Mimi sikucheka. Nimerudi ndani kumwambia Neema kwamba mtoto anaongea, sentensi nzima, tena ya dharau.

"Hayo ni nje ya kipimo, dada."

Kaandika: hakujibu. Mtoto huyo sasa anahesabiwa na wasioongea. Kwa mkono wa mtu aliyekalia ndoo yangu.

Ijumaa, 9 Machi

Mama Zawadi anaacha. Amekuja kuniambia mwenyewe, koti hakuvua. "Bon, dada Hawa. Mi nilizaa saba, wote wanasema kupita kiasi. Siwezi kukaa nyuma ya mulango naangalia mutoto ananyamaza." Anarudi kwenye jiko la shule. Watoto wa huko watafaidi wali mzuri, sisi tubaki na picha.

Nimewapigia wasaidizi wote watano waliobaki. Wako nami. Pamoja na Mama Zawadi ni sita, mimi wa saba. Saba kati ya kumi na mmoja. Hiyo ndiyo kura, na haikuhitaji ukumbi.

Nimemwambia Neema aje kwangu Jumapili. Kwa adabu. Imenigharimu hiyo adabu.

Jumapili, 11 Machi

Kaja. Kaleta maandazi. Tumekunywa chai, kama watu.

Hakupandisha sauti, nami sikupandisha. Anasema chama kina pesa ya vyumba na vifaa, sisi hatuna. Kweli. Anasema amechoka kupimia watoto sebuleni. Kweli pia, hata mimi. Kuhusu wasaidizi anasema kamati itaangalia, tuipe muda. Nilipomtaja mtoto wa Handsworth aliniongezea chai kwenye kikombe kilichojaa.

Jarida linakwenda kuchapwa Jumanne. Baada ya hapo itakuwa tulianza 2005, basi.

Nimemsindikiza hadi kwenye gari. Nimemwambia sitaki kamati, namtaka yeye, maana yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Swali ni moja: Mama Zawadi na wenzake ni wanachama wa kikundi walichokijenga, ndiyo au hapana. Anijibu kesho, kabla ya saa sita mchana, kwa mdomo wake. Asiniambie wataangalia.