Mlango Mfupi wa Tembe

Dodoma

Mdogo wangu Salimu, salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Bagamoyo.

Dawa za daktari Mdachi hazitulizi tena mgongo wangu. Sasa bibi wa Kigogo aliyenipokea hunikanda kwa mchanga wa moto. Anakaa katika tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa na mlango mfupi. Siku ya kwanza niliinama kuingia, nikapiga yowe. Akacheka: “Mwalimu mzima hujui kuingia ndani? Kunja magoti, mgongo uuache!” Nikaingia bila maumivu.

Lakini mtikisiko wa gari la moshi siuwezi, na harusi ya binti yangu Zuhura itanipita. Simama mahali pangu, mdogo wangu. Ukimpa bwana harusi mkono, usiuachie upesi. Nami nimo mkononi humo.

Kakako akupendaye,
Hamisi