Neno Linalokuja Baada ya Nzuri

Kwa kaka yangu Tuyizere,
Kibingo, Kyerwa.

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii inakukuta mkiwa wazima, wewe, wifi yangu Kokwijuka na binti yenu Kantengwa mdogo, na kwamba mvua za mwaka huu zimekuja kwa adabu bila kuangusha migomba. Kahawa mmemaliza kuchuma? Na yule mbuzi wa jirani bado anaingia kibanjani kwetu, kwenye migomba, kama anayeingia kwao? Mimi mdogo wako Uwitonze sijambo. Habari za huku ni nzuri.

Utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Nimeituma kwa sanduku la posta la Dada Asia mwenye duka, kwa sababu najua atakuletea mwenyewe na hataifungua, ingawa itamuwasha sana kutoifungua. Kwenye simu maneno hunikimbia, na wewe ukisikia sauti ya mtu imebadilika huwa unahamia haraka kwenye habari za mbuzi. Kwa hiyo kaa chini, kaka, usome taratibu.

Sijawahi kukusimulia vizuri jinsi nilivyoipata nafasi hii. Unajua tu kwamba nilikuwa nashinda dukani kwa Dada Asia, kwenye ile kompyuta yake ya kuchapia barua za watu, natafuta hospitali ya ng'ambo itakayonipokea nijifunze utetezi wa wagonjwa. Siku moja Dada Asia alivuta kiti akasoma nilichoandika, akaniuliza kwa ule Uswahili wake wa Tanga kwamba hao wagonjwa wameshitakiwa kwa kosa gani hata watafutiwe mtetezi. Nikamweleza, hakuelewa. Mama naye akaichukua habari hiyo mpaka kanisani, akatangaza kwamba binti yake anakwenda Marekani kusimama mahakamani. Mpaka naondoka, kuna wazee waliokuwa wananiita wakili.

Nilimweleza mama kwamba mtetezi wa mgonjwa hukaa kando ya kitanda, huhakikisha mgonjwa anaelewa anachofanyiwa, na wanaomtibu nao wanasikia anachosema. Mama alifikiri kidogo, akasema hiyo ni kazi ya ndugu, akauliza kama wenzetu kule hawana ndugu. Jibu lake mpaka leo silijui vizuri.

Hospitali nilizoziandikia zilijibu kwamba hazipokei mgeni asiye na shirika la kumdhamini. Mashirika nayo yakajibu kwamba hayamdhamini mtu ambaye hajapata hospitali. Nilipigwa teke huku na kule kama mpira wa watoto wa shule, mpaka hospitali moja ya mji huu wa baridi ikakubali, kwa kuwa ina wagonjwa wengi waliotoka kambi za wakimbizi za kwetu na wanaozungumza Kiswahili. Kibali nilichopewa ni cha mgeni wa kubadilishana ujuzi, na kina masharti yake: unakuja kujifunza, unamaliza, unarudi kwenu. Ukiondoka katikati, kimekufa, na kukipata tena ni bahati nasibu. Mama aliniambia nilirudie sharti hilo. Nikalirudia. Akaniambia tena. Wakati ule nilidhani hasikii vizuri.

Unakumbuka alipovimba miguu nikampeleka kituo cha afya? Mganga alimsalimia, habari mama, naye akajibu nzuri, baba. Mganga akacheka, akamuuliza kama habari ni nzuri amefuata nini. Alitania tu, hakuwa mtu mbaya, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini mama aliona haya akafunga mdomo. Tulirudi na vidonge vya maumivu, na habari aliyokwenda nayo tukarudi nayo nyumbani ilivyo. Ndivyo tulivyolelewa, kaka. Mtu hamtupii mwenzake msiba mlangoni. Hata kama nyumba imeungua, unaanza na nzuri, mwenzako anatulia, ndipo unasema: ila. Mama alitufundisha kwamba hakuna nzuri isiyo na ila, na kwamba asiye na subira ya kuisikia hana haja ya kusalimia. Siku ile kituoni ndiyo iliyonifanya niitafute kazi hii.

Sasa nikueleze habari za mzee mmoja wa hapa, maana bila yeye nisingeiandika barua hii. Jina lake Nizigiyimana, Mrundi aliyeishi kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku na bintiye Niyonsenga. Alilazwa tumbo likimsumbua. Kila asubuhi madaktari walikuja kitandani kwake na mkalimani wao, ambaye ni sauti tu inayotoka kwenye simu. Wanauliza, sauti inasema, habari ya asubuhi mzee? Yeye anajibu nzuri. Sauti inawaambia hajambo, nao wanaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, wanakwenda zao. Mimi ni mwanafunzi, sina ruhusa ya kutafsiri wala kujibu kwa niaba ya mtu. Nakaa pembeni tu. Lakini nilimwona kila siku anafungua mdomo baada ya ile nzuri, kisha anaufunga.

Nilimwambia msimamizi wangu, mama mmoja mtu mzima mwenye upole, kwamba kwetu jibu haliishi pale. Nilimwomba awaambie madaktari wakishasikia nzuri wanyamaze, wasitazame saa. Walifanya hivyo kesho yake. Mzee akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Nzuri, daktari. Ila usiku tumbo linanikata mpaka naomba ardhi ipasuke."

Walibadilisha dawa siku ileile. Wauguzi wakabandika kikaratasi ukutani juu ya kitanda chake, wameandika kwa lugha yao kwamba subiri, na pembeni kwa herufi kubwa, ILA. Nilifurahi, kaka, nilijiona nimefanya kazi. Jumapili ile nilitaka mama aje kwenye simu nimsimulie. Ukasema amelala.

Baadaye vipimo vilionyesha kwamba ilikuwa saratani, na imekwisha kuenea. Niyonsenga alinivuta kando akanisihi baba yake asiambiwe. Alisema mzee ameona mengi, amezika wengi, huu mmoja aachwe asiubebe. Akawa anaingia chumbani na kicheko, anamwambia kwamba wiki ijayo wanarudi nyumbani, atampikia maharage kwa mawese. Utaratibu wa hapa ni kwamba mgonjwa mwenyewe huulizwa anataka kujua kiasi gani. Aliulizwa, akajibu kwamba mambo yake yote aambiwe binti yake. Niyonsenga akapumua.

Siku moja binti huyo alipotoka kwenda kununua chai, mzee aliniita kwa mkono. Aliniambia, "Mwanangu, ninakijua kinachoniua. Nilikijua siku binti yangu alipoanza kunisalimia kwa furaha. Usimwambie kwamba najua. Anajitahidi sana."

Sikumwambia. Ilikuwa siri ya mgonjwa, na siri ya mgonjwa haitolewi. Basi wakaendelea hivyo wawili hao, huyu anacheka, yule anacheka, kila mmoja anamlinda mwenzake, mpaka mzee akafa asubuhi moja Niyonsenga akiwa ameshika kikombe. Nilikwenda kwao kuhani. Alikuwa amekaa sakafuni kama wanavyokaa kwetu, akaniambia kwamba baba yake ameondoka bila kujua, na yeye hakupata nafasi ya kumuaga. Alisema, "Nilikuwa naye kila siku, na sikumuaga. Ningemuaga vipi wakati nilimwambia anapona?" Nilimshika mkono nikanyamaza. Bado nimenyamaza, na inaniuma.

Kaka, mimi najua.

Najua tangu uliponitumia ile picha ya Kantengwa mdogo na sare yake mpya ya shule. Ulimsimamisha nyuma ya jiko, ukamweka katikati kabisa ili afiche kilichokuwa nyuma yake, lakini mtoto ni mwembamba. Migomba ya mama ya pale, ile aliyokuwa hataki hata jani lake likatwe, haipo. Penye migomba pana udongo umeinuka, na mawe yamepangwa pembeni. Mtu wa kwetu haelezwi maana ya udongo wa namna ile kibanjani. Nililia chooni hapo hospitali, nikanawa uso, nikarudi wodini. Jumapili ulipopiga nikakuuliza, mama hajambo? Ukajibu, hajambo, anakusalimu. Nami nikasema, msalimie.

Tumeendelea hivyo. Mimi nauliza na wewe unajibu. Nilikuwa nakusikia unavyovuta pumzi kabla ya kusema hajambo, na nilikuonea huruma, nikaona nikikuambia najua nitakuongezea mzigo. Lakini kudanganya hukujui, kaka, hukukujua hata tulipokuwa watoto. Salamu za mama zilikuwa na ukali ndani yake. Nile. Nisilale na nywele mbichi. Nisije nikaolewa na mtu asiyekula ndizi. Zako zilikuwa salamu tupu.

Sikulaumu, na wala usimwache wifi akajilaumu. Namjua mama. Hakuniambia nirudie lile sharti kwa sababu ya masikio. Alikuwa anapima, na nadhani alijua mwili wake ulipofikia. Bila shaka ndiye aliyekukataza. Ninaisikia hata sauti yake ikikwambia humura, usiogope, mwanangu, mwacheni kwanza amalize. Ukatii, ukachimba bila mimi, ukapokea wageni bila mimi, kisha ukashika simu na kunichekea. Nimekufikiria sana katika hilo kuliko ninavyojifikiria mwenyewe.

Huko juu nimeandika kwamba habari za huku ni nzuri. Ni nzuri, ila mama yangu amekufa na sijamlilia na mtu yeyote. Hapa hakuna anayejua. Nina kopo la senene alizonikaangia mwenyewe, zimebaki chache chini, siwezi kuzila na siwezi kuzitupa. Nitamaliza mafunzo, kwa sababu ndivyo alivyotaka, kisha nitarudi nitafute pa kukaa karibu na watu wanaojibu nzuri. Lakini sitaki tufikie siku hiyo mimi na wewe tukiwa tunachekeana kama Niyonsenga na baba yake. Tumebaki wawili tu.

Nataka uniambie yote. Aliugua muda gani, alisema nini mwishoni, nani alikuwa naye. Kichwa chake mmekilaza upande gani, niweze kukielekea nikisali. Na jambo moja zaidi ya yote, linaloninyima usingizi: pale mlipompeleka, walipomsalimia naye akawajibu nzuri, kuna mtu aliyemsubiri aseme ila yake? Kama hakuwapo, niambie hivyohivyo. Usinipunguzie.

Nisalimie wifi, umwambie namshukuru kwa mikono yake, maana najua nani alimuogesha mama. Nibusie Kantengwa mdogo, na msimkaripie kwa ile picha, hakukosea kitu. Dada Asia mwambieni barua imefika na kwamba wagonjwa hawajashitakiwa bado. Majirani wote walioshika jembe siku ile nawapa pole na asante.

Jumapili utakapokuwa umeisoma, piga kama kawaida. Nitakuuliza habari za nyumbani. Nijibu nzuri, kama tulivyofundishwa. Kisha usikimbilie kwa mbuzi, kaka. Mimi nitakuwa kimya upande wa huku, nasubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Uwitonze